Swali Lisilo na Tija

Wasomaji waliozoea kunisoma hapa juu ya katiba, bajeti na mwenendo wa utumishi wa umma wataniwia radhi. Leo nitaandika juu ya mayai ya kuku, panya wawili na uvimbe wa saratani. Hata hivyo sitatoka nje ya siasa. Kuamua ni swali gani litafutiwe jibu kwa fedha ya umma, na lipi litupwe kapuni, ni uamuzi wa kisiasa kama ulivyo uamuzi wa kupitisha barabara huku na si kule.

Naanza kwa kukiri kosa. Miaka michache iliyopita niliteuliwa kuwa mjumbe wa kamati iliyopitia maombi ya ruzuku za utafiti. Sitaitaja taasisi iliyoniteua, kwa sababu kosa ninalotaka kulieleza ni langu. Miongoni mwa maombi yaliyofika mezani lilikuwamo la msaidizi wa mhadhiri mmoja, binti aliyekuwa amemaliza shahada ya uzamili mwaka uliotangulia. Aliomba fedha kidogo kuliko waombaji wengine wote: kabati la joto la kuoteshea seli, seramu ya ndama, vyombo vya plastiki na kemikali chache. Alitaka kupata, kwa ridhaa ya wagonjwa, vipande vidogo vya uvimbe wa saratani ya matiti, aviweke katika majimaji yenye lishe kwa siku chache, kisha ayachuje majimaji hayo yasibaki na seli hata moja. Baada ya hapo angeyamimina juu ya seli za kawaida zilizooteshwa katika kisahani kingine, akaangalia zinafanya nini.

Fomu yetu ilikuwa na kipengele kilichomtaka mwombaji aeleze tija ya utafiti wake kwa jamii katika kipindi cha miezi 24. Waombaji wengine walikijaza kwa aya ndefu zilizopambwa kwa maneno ya mipango ya maendeleo. Yeye aliandika sentensi moja tu, kwamba kwa kuwa hajui atakachokiona, hawezi kwa uaminifu kuahidi matumizi yake.

Nilitabasamu nilipoisoma. Nikampa alama 2 kati ya 10, na ombi likaanguka. Kinachonisuta hadi leo ni kwamba katika meza ile mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na shahada ya uzamivu katika biolojia ya seli. Wenzangu walikuwa wahandisi, wachumi na mtaalamu mmoja wa kilimo, nao walinitazama mimi ili wajue waseme nini. Ningelitetea ombi lile, lingepita. Sikulitetea, ingawa ndani ya mkoba wangu siku hiyo yalikuwamo maelezo ya mhadhara niliokuwa nimewapa wanafunzi wa mwaka wa pili juu ya historia ya jaribio la aina ileile.

Nawaomba mnivumilie niwasimulie historia hiyo.

Mwaka 1938 serikali ya kifashisti ya Italia ilitunga sheria zilizowafungia Wayahudi milango ya vyuo vikuu. Miongoni mwa walioathirika alikuwa daktari kijana wa Turin, Rita Levi-Montalcini, aliyekuwa amehitimu udaktari miaka miwili kabla. Akiwa hana maabara wala mshahara, aligeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akachunguza katika mayai ya kuku namna neva zinavyoota ndani ya kiinitete cha kifaranga. Mabomu yalipoanza kuanguka mjini, familia ilikimbilia mashambani, naye akahama na hadubini yake na mayai yake. Baada ya vita alialikwa na Viktor Hamburger wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani. Alifika huko mwaka 1947 kwa ziara iliyokusudiwa kuwa ya muda mfupi, akabaki kwa takribani miaka 30.

Mwaka 1948 mtafiti aitwaye Elmer Bueker, aliyekuwa amefundishwa na Hamburger, alichapisha jambo la kushangaza. Alikuwa amepandikiza kipande cha saratani ya panya katika kiinitete cha kifaranga, naye akakuta kwamba neva za hisia zilikuwa zimeota kwa wingi na kuingia ndani ya uvimbe. Rita na Hamburger walilirudia jaribio hilo, wakaona zaidi ya alichokiona Bueker. Neva zilikuwa zimetapakaa hata katika viungo vilivyokuwa mbali na uvimbe, na nyingine zilikuwa zimepenya hadi ndani ya mishipa ya damu. Rita akauweka uvimbe juu ya utando wa nje wa kiinitete, mahali ambapo njia pekee ya kuwasiliana na kifaranga ilikuwa damu. Matokeo yakawa yaleyale. Maana yake ilikuwa moja: uvimbe ulikuwa ukitoa kitu, na kitu hicho kilikuwa kikisafiri.

Ili kulithibitisha hilo ilibidi neva zioteshwe nje ya mwili, katika kisahani, ambamo hakuna damu wala viungo vingine vya kumchanganya mtafiti. Kazi hiyo ilihitaji maabara ya kuoteshea seli, na Rita hakuwa nayo pale St. Louis. Maabara aliyoifahamu ilikuwa Rio de Janeiro, katika Taasisi ya Biofizikia iliyoanzishwa na Mbrazili Carlos Chagas Filho. Aliyekuwa akiiendesha ni Hertha Meyer, mkimbizi kutoka Ujerumani ambaye Rita alikuwa amemjua tangu Turin. Basi mwaka 1952 Rita akapanda ndege kwenda Brazili akiwa amewachukua panya wawili wenye uvimbe.

Huko Rio alikata fundo dogo la neva kutoka katika kiinitete cha kifaranga, akaliweka ndani ya tone la plazma iliyoganda, na pembeni yake, pasipo kugusana, akaweka kipande cha uvimbe. Katika muda wa saa 24 nyuzi za neva zilikuwa zimechomoza kulizunguka fundo lile mithili ya miale ya jua. Fundo lililowekwa peke yake halikutoa miale hiyo. Hapo hapakuwa tena na shaka kwamba uvimbe unatoa kichocheo cha ukuaji ambacho seli nyingine inakipokea na kukitii.

Kulikuwa na jambo jingine lililomvunja moyo wakati ule. Alipoweka kipande cha tishu ya kawaida ya panya badala ya uvimbe, neva ziliota pia, ijapokuwa kwa nguvu ndogo zaidi. Aliliona kama doa katika jaribio zuri. Ilichukua miaka kutambua kwamba doa hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko jaribio lenyewe: kichocheo kile hakikuwa mali ya saratani. Kilikuwa cha mwili, nao uvimbe ulikuwa ukikitoa kwa wingi.

Mwaka 1953 alijiunga naye mwanabiokemia Stanley Cohen ili wakitambue kitu chenyewe ni nini. Katika kujaribu kuondoa asidi nyukliki kwenye dondoo la uvimbe, walitumia sumu ya nyoka kwa sababu ina kimeng'enya kinachozivunja asidi hizo. Walitarajia ama nguvu ya dondoo ipotee au ibaki vilevile. Badala yake neva ziliota kwa kasi ya ajabu, kwani sumu yenyewe ilikuwa na kichocheo hicho kwa wingi unaozidi sana ule wa uvimbe. Kutoka kwenye tezi za sumu za nyoka Cohen alihamia kwenye tezi za mate za panya dume, akakikuta humo pia. Alipowadunga panya wachanga dondoo la tezi hizo, aliona wanafungua macho siku kadhaa kabla ya wakati wao. Mwingine angeyapuuza macho hayo. Yeye aliyafuatilia, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akawa amepata kichocheo cha pili, kinachoamuru ukuaji wa seli za ngozi. Mwaka 1986 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Wakati huohuo watafiti wengine walikuwa wakiuliza swali lililo karibu sana na la yule binti wetu. Seli ya kawaida inapooteshwa maabara ina adabu zake. Haikui bila seramu, kwa sababu seramu ndiyo yenye vichocheo. Hukua ikiwa imeshika sakafu ya chombo, na inapobanana na jirani zake huacha kugawanyika. Seli ya saratani huzivunja adabu hizi zote: hutosheka na seramu kidogo, hukua ikielea katika ute laini pasipo pa kushika, na kubanana hakuizuii. Mwaka 1978 Joseph De Larco na George Todaro, watafiti wa Marekani, walikusanya majimaji ambamo seli za panya zilizogeuzwa kuwa za saratani na virusi zilikuwa zimeishi, wakazipa seli za kawaida. Seli za kawaida zikaanza kutenda kama za saratani, zikijenga makundi ndani ya ute ambamo kwa kawaida zisingekua. Mwaka 1980 Todaro na mwenzake Michael Sporn wakaeleza wazo lililobadili fikra za wengi: seli ya saratani inaweza kutoa kichocheo na papo hapo kukipokea yenyewe. Inajiandikia amri, inajisomea, inajitii.

Hapa nawaomba wanaharakati wenzangu watulie kidogo. Tumezoea kuita rushwa saratani, ukabila saratani, na kila tusilolipenda saratani, tukimaanisha mvamizi anayepaswa kukatwa na kutupwa. Visahani vya maabara vinatueleza habari nyingine. Uvimbe haukuleta lugha ngeni mwilini. Unasema lugha ya mwili wenyewe, lugha inayotumika kuponya kidonda na kumlea mtoto tumboni, ila unaisema bila kunyamaza na bila kumsikiliza mwingine. Atakaye kuushinda lazima kwanza ajifunze lugha hiyo.

Na ndivyo ilivyokuwa. Utafiti wa kichocheo cha Cohen uliongoza kwenye vipokezi, yaani milango iliyo juu ya seli ambayo kichocheo huigonga. Mmoja wa ndugu wa vipokezi hivyo, uitwao HER2, ulionekana mwaka 1987 kuwa umezidi kwa wingi katika sehemu ya saratani za matiti, na kwamba wanawake wenye saratani hiyo walikuwa wakifariki mapema zaidi. Ikatengenezwa kingamwili ya kuushika mlango huo, iitwayo trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Wapo wanawake walio hai leo, wanaopika, wanaofundisha na kulea wajukuu, kwa sababu ya dawa hiyo.

Kutoka kwenye kisahani cha Rio hadi idhini ya dawa ni miaka 46. Wala njia haikunyooka: ilipita kwenye neva, ikapita kwenye sumu ya nyoka, kwenye mate ya panya na kwenye macho ya panya wachanga, kabla haijafika kwenye titi la mwanamke. Rita angeijaza fomu yetu mwaka 1952, angeandika nini katika kipengele cha tija ndani ya miezi 24? Naijua alama ambayo ningempa.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu, kwa sababu nilizitumia mwenyewe. Ya kwanza inasema kwamba nchi ambayo zahanati zake zinakosa glovu haina haki ya kuchezea seli ndani ya visahani. Hoja hii haistahili dharau, maana anayeitoa mara nyingi ni mtumishi aliyeiona zahanati hiyo kwa macho yake. Lakini tuiangalie kwa makini. Fedha aliyoomba yule binti, ijapokuwa ilinyimwa, haikununua glovu. Ilikwenda kwa ombi jingine lililoahidi tija ya haraka, na zao lake kuu lilikuwa warsha mbili na ripoti yenye jalada la rangi. Tunapomnyima mtafiti wa maswali ya msingi kwa jina la maskini, ni vema kwanza tuhakikishe kwamba maskini ndiye anayepokea.

Hoja ya pili inasema kwamba wenye uwezo watagundua, nasi tutanunua. Historia ya Afrika Mashariki inaijibu hoja hii vizuri. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege hadi London, kwa Anthony Epstein. Mwezi Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikalazimika kutua Manchester, na sampuli ikachelewa. Ilipofika, majimaji yake yalikuwa na ukungu pia, kana kwamba yameoza. Epstein aliyaweka chini ya hadubini badala ya kuyamwaga, akaona seli hai za uvimbe zikielea. Kutokana na seli hizo alifaulu kuuotesha uvimbe huo maabara, na mwaka 1964 yeye na wenzake Achong na Barr wakatangaza kirusi ambacho hadi leo kinabeba majina ya Epstein na Barr. Ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Simlaumu Epstein. Alifanya kazi yake kwa uangalifu ambao mimi sikuuonesha mbele ya fomu. Ninachosema ni kwamba mtoto alikuwa wa Uganda, uvimbe ulikuwa wa Uganda, na daktari aliyeuona alikuwa Uganda, lakini kabati la joto la kuoteshea seli lilikuwa London. Miaka zaidi ya 60 imepita, na katika vyuo vyetu vingi kipande cha uvimbe kinachohitaji kuoteshwa bado kinatafutiwa barafu na tiketi ya ndege. Kusema tutanunua ni kusahau pia kwamba dawa ya trastuzumab humfaa tu mgonjwa ambaye uvimbe wake umepimwa na kuonekana una mlango ule. Taifa lisilo na watu wanaoufahamu mlango huo litanunua dawa na lisijue la kumpa nani. Isitoshe, wagonjwa wengi wa saratani ya matiti katika nchi zetu ni wanawake wenye umri mdogo kuliko wagonjwa wa Ulaya, na wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Uvimbe wao unatoa vichocheo gani, na kwa kiasi gani? Hilo ndilo alilotaka kuliangalia yule binti. Aliyeangalia seli za panya mwaka 1978 hakumjibia.

Ndiyo maana naikumbuka Rio kuliko St. Louis. Brazili ya mwaka 1952 haikuwa nchi tajiri. Ilikuwa na mashamba ya kahawa, mabanda ya maskini milimani na magonjwa ya kitropiki yasiyohesabika. Lakini ilikuwa na mtu aliyeamua kujenga taasisi, taasisi hiyo ikampokea mkimbizi aliyejua kuotesha seli, na mkimbizi huyo akaifanya kazi yake siku hadi siku bila kumwahidi mtu muujiza. Hakuna aliyejua kwamba siku moja atashuka mwanamke kutoka kwenye ndege akiwa na panya wawili. Maabara ilikuwa tayari alipofika, na kwa sababu hiyo jaribio lililowashinda kulifanya wenye fedha wa Kaskazini likafanyika Kusini.

Nini kifanyike? Nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji kubadili katiba.

La kwanza ni ahadi. Katika Mpango wa Lagos wa mwaka 1980 viongozi wa Afrika walikubaliana kulenga asilimia 1 ya pato la taifa iende katika sayansi na utafiti, na ahadi hiyo imerudiwa katika vikao vingine vya bara letu. Sisi Tanzania tulitunga sheria ya Tume ya Sayansi na Teknolojia mwaka 1986, mwaka uleule ambao Rita na Cohen walipokea tuzo yao. Chombo tunacho basi. Wanafunzi na wanaharakati wanaosoma ukurasa huu wajifunze kuusoma ukurasa wa utafiti katika kitabu cha bajeti kwa bidii ileile wanayousoma ukurasa wa posho, na waulize asilimia hiyo imefikia wapi.

La pili ni fomu. Sipendekezi kipengele cha tija kifutwe. Utafiti wa mbegu, maji na chanjo unastahili kuulizwa tija, tena kwa ukali. Napendekeza kila mfuko wa utafiti utenge sehemu ndogo, hata shilingi 10 katika kila shilingi 100, kwa maswali ambayo mwombaji anakiri hajui yataishia wapi. Huko aulizwe mambo mengine: je, swali linaeleweka? Je, jaribio linaweza kulijibu? Je, matokeo yakiwa kinyume na matumaini yake, atayatangaza? Mwombaji anayelazimishwa kuahidi asichokijua anafundishwa kusema uongo kwa serikali yake kabla hajafundishwa kufanya utafiti.

La tatu linawahusu watumishi wa umma. Seli zilizooteshwa hufa umeme ukikatika usiku na jenereta ikiwa haina mafuta. Seramu inayopaswa kukaa kwenye barafu huharibika ikisubiri mhuri uwanja wa ndege kwa siku nne. Fundi wa maabara mwenye mikono ya Hertha Meyer huhama akikaa miaka 9 bila kupandishwa daraja. Afisa wa forodha, afisa utumishi na mhandisi wa umeme ni watafiti wa saratani pia, wapende wasipende. Wanaweza kuua jaribio bila kujua kwamba lilikuwapo.

Binti niliyemnyima alama hakukata tamaa. Alipata ufadhili wa shahada ya uzamivu katika nchi moja ya kaskazini mwa Ulaya, nako anaotesha seli. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe: "Shikamoo Mwalimu. Zimeota." Chini yake palikuwa na picha mbili za hadubini. Katika ya kwanza seli za kawaida zilikuwa zimetulia katika mstari wao. Katika ya pili, zilizopewa majimaji ya uvimbe, zilikuwa zimerundikana juu kwa juu kama abiria wa daladala ya saa 12 jioni.

Nilimwandikia marahaba, nikampongeza, nikamweleza pia kwamba alama 2 ilikuwa yangu. Hakuwa akijua. Jibu lake lilichelewa siku mbili, nami kwa siku hizo mbili sikuwa na raha. Lilipofika halikuwa na neno la kunilaumu. Aliuliza tu kama chuo kimekwisha kupata kabati la joto, kwa sababu atamaliza mwakani na angependa kujua arudi au abaki.

Nilikwenda kuuliza. Kabati lipo, lilifika na mradi mmoja wa wafadhili. Liko ukumbini, bado limo ndani ya sanduku lake la mbao, kwa kuwa chumba lilichotengewa hakina soketi inayofaa na ombi la kuiweka halijasainiwa. Nimelifuatilia ombi hilo katika ofisi tatu. Bado sijamjibu.